Maharage kwa Jina la Kur

Mimi sipendi kuulizwa jambo moja mara mbili. Sasa mchukue mtu wa tabia hiyo, mweke mtaa wa New Site auze chakula, halafu kila anayekula, akishanawa mikono, anyanyue simu na kumuuliza, "Kur Chol Mading?" Asubuhi watu wa chai, mchana watu wa posho, yaani ugali, na maharage, alasiri mafundi wanaobeba chapati. Wote swali ni lilo hilo, nami nikawa nawajibu, "Ndiyo, huyohuyo, tuma."

Jina langu si Kur. Naitwa Cissy, mtu wa Masaka, miaka thelathini na minane, na huu ni mwaka wangu wa tisa Juba. Kur ni fundi wa sola aliyekuwa akila kwangu mchana. Nataka kueleza ilivyokuwa, maana mtaa umeshaieleza kwa namna yake, na mtaa ukianza kueleza hauna breki.

Wakati huo noti ziliadimika mjini. Sisemi pesa, kukosa pesa tumezoea. Nasema karatasi zenyewe. Mtu ana mshahara wake benki, anapanga foleni tangu alfajiri, anatoka jua likiwa utosini na vinoti vilivyochakaa ambavyo mama wa nyanya pale soko la Konyo Konyo anavikataa. Watu wakahamia kwenye simu. Wateja wangu wakawa wanafika, wananusa sufuria, na kabla ya kuvuta kiti wanauliza, "Unapokea kwa simu?" Nikisema sipokei, wanavuka barabara kwenda kwa Jolly.

Jolly ni rafiki yangu, mtu wa Mbarara, na siri ya jiko lake ni kwamba maharage yake hayaivi. Kuona mtu mzima anayaacha maharage yangu na kwenda kutafuna changarawe kwa sababu ya simu kuliniuma kuliko hasara yenyewe. Nikavua aproni nikaenda kwa wakala wa laini. Wakala akataka kitambulisho. Pasipoti yangu ilikuwa imepelekwa kugongwa kibali, na aliyewahi kuishi ugenini anajua kuwa pasipoti ya kibali hurudi siku itakayojisikia.

Nilirudi nimenuna. Kur alikuwa mezani akisubiri sahani yake. Ni kijana mrefu wa miaka thelathini na moja, mtu anayeinama kupita chini ya mabati yangu. Alizaliwa kambini Kakuma, akasoma Nakuru, akarudi kwao na Kiswahili cha Kenya na kisanduku cha bisibisi. Akaniuliza nimekerwa na nini, nikamweleza.

"Madam, hiyo ni kitu ndogo," akasema. "Tumia ID yangu. Jina itasoma yangu, lakini simu ni yako, na namba ya siri ni yako. Pasipoti ikirudi unabadilisha."

"Na wewe haogopi? Kama mimi nakimbia na laini?"

"Utakimbia na hii sufuria uende wapi?"

Basi tukaenda, akasaini, na kesho yake nikamwita mchora mabango, akaandika namba kwenye ukuta wa mbele kwa rangi nyekundu, kubwa, ili hata aliyeko kwa Jolly aisome.

Wiki ya kwanza niliigusa ile simu kama jiko la gesi la kuazima. Kisha nikajifunza. Mtandao ukilala kwa sababu ya mvua, mteja anabaki kitini na chai ya pili mpaka uamke, na hiyo chai ya pili analipa. Mjanja akikuonyesha ujumbe wa wiki iliyopita, wewe usitazame simu yake, sikiliza yako. Ikilia, ndipo mtu aende. Kufikia mwisho wa mwezi viti vilikuwa vimejaa, na nilikuwa nimeachana na ule mfuko wa noti chafu uliokuwa ukishinda kiunoni mwangu kama mtoto wa pili. Jolly naye alianza kununua maharage kwangu, akayachanganya na yake. Nilifurahi sana, wala sioni haya kusema.

Ila jina. Kabla pesa haijaondoka, simu ya mteja humwonyesha jina la anayetumiwa, na watu wa Juba, ambao kila mmoja ameshawahi kumtumia asiyemjua, hulisoma kwa sauti. Siku za kwanza nilieleza: laini ni ya fundi mmoja, pasipoti yangu iko kwenye kibali, ni mambo ya muda tu. Siku ya kumi nikachoka, nikawa naitikia. Penye pengo mtaa ukajaza wenyewe. Bodaboda wa kona wakaanza kuniita bibi ya Kur. Kur mwenyewe alipolisikia hilo alicheka mpaka akapaliwa.

Kosa langu linaanzia hapa. Mwezi wa tatu tangu tuandikishe laini, pasipoti ilirudi, kibali ndani yake, kimegongwa vizuri. Niliifunga kwenye kitenge nikaiweka chini ya godoro, na laini sikubadilisha.

Nilikuwa nimeonja. Mwanamke peke yake mwenye hoteli ni mlango usio na komeo, kila apitaye anausukuma aone. Kulikuwa na walevi wa jioni. Kulikuwa na mwenye duka la jirani aliyetaka kunisaidia kufunga kila siku. Kulikuwa na mkusanya ushuru aliyekuja mara mbili kwa wiki na kuniuliza nalala wapi. Siku moja huyo wa ushuru alilipia chai yake kwa simu, akalisoma jina, akaniuliza, "Rajil wen?" Nikamwambia mume yuko kazini, anarudi sasa hivi. Tangu siku hiyo alikuja mara moja kwa mwezi, akakaa kiti cha mbali, akaniita mama.

Na kuna jambo lingine, nalo nitalisema. Baba wa mtoto wangu aliniacha Kampala bila hata kuniaga. Kwa hiyo hata nilipokuwa nimekunja uso kwa kuulizwa lile swali mara ya arobaini, ndani yangu lilinipendeza kidogo. Nilipenda kuwe na jina la mtu ninaloweza kuliitikia ndiyo.

Mwezi wa saba akaja msichana mmoja mwenye koti jeupe la duka la dawa. Aliagiza chai ya maziwa na chapati, akanywa, chapati akaiacha. Kesho yake akarudi, vilevile. Siku ya tatu, Jumanne, aliinua simu akasoma polepole, kila jina peke yake, "Kur. Chol. Mading."

"Huyohuyo, tuma," nikasema, nikiwa nimempa mgongo kwa sababu mafuta yalikuwa yakitoa moshi.

"Ni nani wako?"

Chapati ilikuwa inaungua, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo la pili. Nikageuka na kijiko mkononi.

"Ni bwana yangu," nikasema. "Wewe nataka nini na bwana ya watu?"

Simu yangu ikalia. Alikuwa ametuma. Akasema asante, kwa heshima kabisa, akaondoka na chai imebaki nusu. Nikaendelea na chapati zangu, nikicheka peke yangu.

Jumatano Kur hakuja kula. Alikuja saa kumi, meza zikiwa tupu, akasimama mlangoni ameinama chini ya mabati.

"Madam, umenimaliza," akasema.

"Mimi nafanya nini?"

"Jana umeambia msichana wa koti nyeupe ati mimi ni bwana yako."

"Ile ni mchezo tu. Mimi naambia watu yote."

"Huyo ni Abuk."

Abuk nilimjua kwa masikio. Kwa miezi saba Kur alikuwa amenisimulia Abuk katikati ya kila tonge: Abuk alivyosoma Nakuru mtaa mmoja na wake, Abuk alivyopata kazi kwenye duka la dawa, ami yake Abuk alivyo mgumu. Miaka miwili kijana alikuwa akikusanya kwa ajili ya mahari. Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya watu wa pande mbili kuketi nyumbani kwa ami huyo, mtaa wa Lemon Gaba, wakubaliane ng'ombe. Sasa wenzake Abuk kazini walikuwa wamemwambia kwamba ukilipa kwa mama fulani New Site linatokea jina la mchumba wako. Akaja mwenyewe siku tatu ahakikishe. Na mimi nikamhakikishia.

"Mzee ametuma neno," Kur akasema. "Jumamosi niende, lakini si kwa mambo ya ng'ombe. Niende nijibu mbona nimeficha bibi."

"Si wewe naambia yeye ni laini tu?"

"Nimemwambia. Akaniuliza ni pasipoti gani hiyo hairudi miezi saba." Akanitazama. "Nikasema ni kweli haijarudi. Kwani imerudi?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimepata mazoezi ya kutosha.

"Ilirudi," nikasema. "Mwezi ya tatu."

Afadhali angefoka. Aliokota kisanduku chake cha bisibisi, akasema, "Sawa," akaenda. Niliketi kwenye kiti chake nikaona aibu ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa msichana. Mtu alinipa jina lake bure, bila kudai hata chai, na mimi nililigeuza komeo la mlango wangu, nikamfungia yeye nje ya nyumba yake.

Ijumaa nilikwenda kwa wakala na pasipoti yangu, nikaandikisha laini mpya kwa jina langu. Ilichukua dakika kumi. Jambo nililoliahirisha miezi minne lilichukua dakika kumi, na tatu kati ya hizo wakala alikuwa akitafuta kalamu. Nikamwita yule mchora mabango afute namba ya ukutani na kuandika nyingine. Kisha nikavuka kwa Jolly kumwambia kuwa kesho nakwenda Lemon Gaba.

"Wewe nakwenda fanya nini?" Jolly akaniuliza. "Watu wa mahari wanakaa, mwanamke anaingia na simu ya bwana harusi. Cissy, wao watasema bibi mkubwa amekuja."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililonifanya nisilale vizuri. Nikinyamaza, Kur atahukumiwa kwa kosa langu. Nikienda, huenda nikamharibia kabisa. Lakini maneno yalitoka kinywani mwangu, na sikuona ni kinywa cha nani kingine kingeyarudisha.

Jumamosi nilivaa gomesi yangu ya kanisani, nikachukua boda. Mwendesha boda alikuwa mmoja wa wale wa kona. Njia nzima, vumbi likitupiga, aliniita bibi ya Kur, nami kwa mara ya kwanza nikamwambia aache. Akaniuliza tumeachana lini. Nikashuka nikamlipa.

Uani kwa huyo ami kulikuwa na viti vya plastiki vimepangwa pande mbili. Upande mmoja watu kumi na mmoja, wazee kwa vijana, wamejaa. Upande wa pili Kur, mjomba wake mmoja, na jirani mmoja aliyeletwa kuongeza idadi. Baba yake Kur alikwishafariki, na ndugu zake wengine wako mbali na barabara ni mbaya. Aliponiona nikiingia getini, Kur alifumba macho.

Katikati ya wale kumi na mmoja alikaa mzee mwembamba mwenye miwani mfukoni. Huyo ndiye Lual, ami wa Abuk, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi Kakuma kwa miaka mingi. Kiswahili chake bado kilikuwa kimenyooka kama kimepigwa rula.

"Wewe ndiye mwenye hoteli?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee. Mimi naitwa Cissy."

"Hatukukuita."

"Mimi najua. Mimi nakuja yenyewe. Mimi nakuja kusema huyu si bwana yangu."

Watu wakanong'ona. Lual akainua kidole kimoja, wakanyamaza, na nilijua hapo kwamba darasani kwake hapakuwahi kuwa na kelele.

"Jumanne ulimwambia binti yetu kwamba ni mume wako," akasema. "Leo unatuambia si mume wako. Uongo ni upi, wa Jumanne au wa leo?"

"Ya Jumanne."

"Nitajuaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Swali hilo sikujiandaa nalo. Nikatoa pasipoti, nikampa. Akavaa miwani, akafungua kurasa zote bila haraka, akanirudishia.

"Hii inasema unatoka Uganda," akasema. "Hilo nililijua ulipofungua mdomo."

Wazee wakacheka kidogo. Nilikuwa nimebakiwa na simu tu. Nikaitoa na ile laini ya Kur bado ikiwa ndani, nikafungua ujumbe wa malipo, nikamwekea mikononi.

"Soma yote," nikasema. "Miezi saba iko hapo. Mimi haina kitu ingine."

Mzee akasoma kweli. Alikaa na ile simu kama aliyerundikiwa madaftari ya kusahihisha, akiteleza kidole, akitaja majina chini ya pumzi. Wateja wangu wote walipita pale kinywani mwake: mafundi, walimu, wale masista wa zahanati. Kur alitazama chini. Abuk alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba na mke wa Lual, mama mmoja mnene anayeitwa Akuac, na hakunitazama. Jasho lilinitiririka mgongoni ndani ya gomesi.

Kidole cha mzee kikasimama.

"Hapa pesa imetoka kwa Kur Chol Mading," akasema, "ikaingia kwa Kur Chol Mading. Mtu anajitumia pesa yeye mwenyewe?"

"Hiyo ni laini yake ya mfukoni," nikasema. "Inakuja kwa hii yangu. Ni maharage."

"Maharage gani?"

"Ile yeye nakula. Posho na maharage ni elfu sita. Kama naongeza chapati, elfu nane."

Akateleza tena. Elfu sita. Elfu sita. Elfu nane. Akarudi nyuma mwezi mzima, kisha mwezi mwingine.

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi. Siku ingine yeye hana pesa, alikunywa maji akaenda. Mimi nasema kula, utalipa kesho. Alikataa."

Lual akamgeukia Kur kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Laini ni ya jina lako," akasema. "Ungekwenda kwa wakala wakati wowote na kitambulisho chako, pesa zote za mama huyu ungezichukua. Na bado ulikuwa unalipa?"

"Si ni chakula nimekula, mzee," Kur akasema, kama mtu asiyeelewa anachoulizwa.

Kule mlangoni Akuac akaanza kucheka, kwanza puani, halafu tumbo lote.

"Lual," akasema, "nimekupikia miaka thelathini. Umewahi kunilipa hata sahani moja?"

Mzee akarudisha macho kwenye simu.

"Basi huyo si mume," Akuac akasema. "Mume halipi."

Ua mzima ukaangua kicheko. Hata wale vijana waliokuja wamekunja ngumi walicheka, na mjomba wake Kur alipiga paja mpaka kofia ikaanguka. Nikamwona Abuk amejifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na Kur alipoinua uso akamwona, akawa mtu mwingine.

Lual ndiye hakucheka. Akangoja wamalize, akavua miwani.

"Limebaki swali moja," akasema. "Nimeona tarehe ya kibali. Mbona hukubadilisha jina, miezi minne yote?"

Hilo ndilo swali ambalo Kur aliondoka bila kuniuliza. Nikalijibu mbele ya watu, kwa Kiswahili changu kibovu, kwa sababu ndicho nilicho nacho. Nikawaambia nakaa peke yangu. Nikawaambia habari za mkusanya ushuru, walevi, na yule jirani wa kufunga mlango. Nikasema jina la kijana huyu lilinipa usingizi, nikalipenda, nikalikalia kama kiti cha mwenyewe wakati ni cha kuazima. Nikasema sikujua kuna msichana atakayeumia, lakini hata ningejua sina hakika ningeharakisha. "Hiyo ndiyo ukweli," nikasema, nikawaomba radhi. "Malesh, Kur. Malesh, Abuk."

Abuk akashuka kizingiti akaja mpaka katikati ya ua.

"Siku tatu nilikunywa chai yako nikitafuta ubaya wako," akaniambia. "Chai ilikuwa tamu. Hiyo ndiyo iliniudhi zaidi." Kisha akamgeukia ami yake. "Mimi nimeridhika."

Nikaona kazi yangu imekwisha. Nikachukua simu yangu, nikaaga, nikaanza kurudi getini huku nikiwaza kama boda watapatikana saa ile.

"Unakwenda wapi?" Lual akauliza.

"Nyumbani, mzee. Nyinyi iko na maneno yenu."

"Mleteeni kiti."

Kijana mmoja akaleta kiti, akataka kukiweka karibu na Akuac, upande wa wanawake wa nyumba. Mzee akatikisa kichwa akaonyesha ng'ambo, kwenye vile viti vitatu. Nikawekewa kando ya Kur. Nikakaa, sijui kwa nini nimekaa.

"Upande wa kijana huyu watu ni wachache," Lual akasema, sasa akiongea na wote. "Nilikuwa nimeliona na halikunipendeza. Mama huyu ametumia jina lake miezi saba, na jina limemlinda. Mke si yeye, hilo tumekubaliana. Lakini jina la watu halimlindi mtu wa nje. Kwa hiyo huyu ni dada yake." Akanitazama. "Na dada, ndugu yake akioa, haji mikono mitupu. Wewe unaleta nini?"

Wazee wa upande wake wakajiweka sawa vitini. Nilielewa kuwa ule mzaha ulikuwa umekwisha na mahari ilikuwa imeanza, na kwamba yule mwalimu mkongwe alikuwa ameniongeza kwenye hesabu mchana kweupe.

"Mzee, mimi haina ng'ombe," nikasema. "Kwetu Masaka watu nalima ndizi."

"Ng'ombe wanauzwa," akasema Lual. "Na nasikia siku hizi wauzaji wanapokea kwa simu."

Kur akaninong'oneza, "Madam, usikubali, anakujaribu tu." Nilimsikia. Lakini nilikuwa nikiwaza jambo jingine. Miaka tisa Juba nimedaiwa kodi ya chumba, ushuru, takataka, kibali na kugongwa kibali. Mgeni hudaiwa hayo yote. Ng'ombe sikuwahi kudaiwa na mtu yeyote, kwa sababu ng'ombe hadaiwi mgeni. Machozi yalinijia palepale mbele ya watu kumi na sita, nami ni mtu ambaye hata vitunguu havinilizi.

Nikajifuta kwa mkanda wa gomesi, nikamuuliza mzee anamtaka ng'ombe wa rangi gani.